Zahanati zimejengwa, wauguzi wako nyumbani: barua ya wazi kwa Mawaziri watatu

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mheshimiwa Waziri wa Nchi anayeshughulikia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI),
Mheshimiwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais – Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora,
DODOMA.

YAH: UPUNGUFU WA WAUGUZI NA WAKUNGA KATIKA ZAHANATI ZA VIJIJINI

Waheshimiwa Mawaziri,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu. Nimelitumikia Taifa hili katika wodi za wazazi na zahanati za mikoa ya kusini, na nilipostaafu wanakijiji wenzangu walinichagua kuwa mwenyekiti wa kamati ya usimamizi wa zahanati yetu. Nawaandikia ninyi watatu kwa pamoja kwa sababu kila tulipolifikisha jambo hili kwa mmoja tulielekezwa kwa mwingine. Halmashauri inasubiri mgao wa watumishi kutoka TAMISEMI. TAMISEMI, tunaambiwa, inasubiri kibali cha Utumishi. Utumishi inasubiri Hazina iseme kama mshahara upo. Wizara ya Afya ndiyo inayopanga zahanati iwe na watumishi wangapi na wa kada gani, lakini si yenye kuwaajiri. Mama mjamzito wa kijijini hajui agonge mlango upi.

Hatukukurupuka kuja hadharani. Kamati iliandika barua kwa kufuata ngazi, Mtendaji wa Kijiji akagonga muhuri, ajenda ikapita Kamati ya Maendeleo ya Kata, na diwani wetu akalisemea kwenye Baraza la Madiwani. Jibu la maandishi lilisema suala linafanyiwa kazi. Jibu la mdomo lilikuwa tuwe na subira. Subira tumekuwa nayo, na mimba hazisubiri.

Kwanza niseme lililotendeka, maana haki ni haki. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa 2022 ukaonyesha 104. Wanaojifungulia kwenye vituo vya huduma walipanda kutoka asilimia 63 hadi asilimia 81. Februari 2025 Mheshimiwa Rais alipokea tuzo ya Gates Foundation kwa mafanikio hayo, na sisi wakunga tulifurahi kwa dhati, tulio kazini na tuliostaafu, kwa sababu tunajua ni mikono gani iliyoyashika matokeo yale. Kwa miaka mingi tuliwahimiza wanawake waache kujifungulia nyumbani, waje zahanati. Wamekuja. Sasa wanafika na kumkuta muuguzi mmoja.

Hoja zetu ni hizi.

1. Jengo linapangiwa fedha, mtu wa kukaa ndani yake hapangiwi.

Zahanati yetu ilianza kwa nguvu za wananchi. Vijana walichimba msingi, wazee wakachanga, akina mama wakabeba maji na mchanga, halafu Serikali ikatuunga mkono kwa mabati, saruji na fedha za umaliziaji. Kila hatua ilikuwa na karatasi yake: makadirio, kamati ya ujenzi, kamati ya mapokezi ya vifaa, ukaguzi, makabidhiano. Nimezipitia karatasi zote zilizobaki ofisini kwetu. Hakuna hata moja inayouliza nani atafanya kazi humo milango ikifunguliwa.

Mwongozo wa Wizara wa ikama, yaani idadi ya watumishi wanaotakiwa, wa mwaka 2014 hadi 2019 ulitaka zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15, na kituo cha afya wasiopungua 39. Sisi tuna watatu walioajiriwa: tabibu ambaye ndiye mganga mfawidhi, muuguzi mmoja, na mhudumu wa afya mmoja. Hatudai 15 kesho asubuhi. Tunachohoji ni namna ambavyo nchi inaweza kujua idadi inayotakiwa, ikaiandika kwenye kitabu, kisha ikafungua jengo jipya bila kugusa kitabu hicho.

Wala si jambo la kijiji chetu pekee, na halikuanza jana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, chini ya masharti ya marekebisho ya uchumi, ajira serikalini zilifungwa na watumishi wengi wakapunguzwa. Idadi ya watumishi wa afya nchini ilishuka kutoka takriban 67,000 mwaka 1994/95 hadi takriban 54,000 mwaka 2001/02, wakati watu wanaongezeka na UKIMWI umejaza wodi. Niliifanya kazi miaka ile. Tulizika wauguzi wenzetu na nafasi zao zikazikwa nao, maana hakuna aliyeletwa kuzijaza. Mwaka 2007 ukaja Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi, MMAM, wenye lengo la zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Lengo zuri kabisa. Lakini kuta zilipanda haraka kuliko ajira. Mwaka 2016 ajira zikasitishwa tena kupisha uhakiki wa watumishi hewa, na mwaka 2017 ikatolewa orodha ya watumishi wa umma 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Sitetei cheti cha kughushi hata kidogo. Anayeshika maisha ya mama na mtoto lazima awe amesoma kweli. Ila anapoondolewa asiye na sifa, siku hiyo hiyo panatakiwa pawe na mpango wa kumleta mwenye sifa, na kwa vituo vingi vya pembezoni mpango huo ulichelewa mno.

Kisha mwaka 2021 zikaja fedha za UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3, pamoja na tozo za miamala ya simu. Majengo ya dharura, wodi za wagonjwa mahututi na vituo vya afya vipya vikaota nchi nzima. Nani asiyefurahi? Lakini tazameni historia hiyo yote kwa pamoja, Waheshimiwa. Ujenzi haujawahi kusitishwa kupisha uhakiki wa wakandarasi. Ajira imesitishwa mara kwa mara, kwa sababu tofauti, na kila ilipofunguliwa ilifunguliwa kwa kishindo kimoja kisha ikafungwa.

2. Wauguzi wapo. Wako nyumbani.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 dunia ilipungukiwa wauguzi milioni 5.8. Zipo nchi tajiri zinazohangaika kwa sababu vijana wake hawaingii kwenye fani hii, zinakwenda kuwatafuta kwa wengine. Shida ya kwetu ni nyingine, na naomba isichanganywe na ile. Sisi tumefundisha. Tuna vyuo vya Serikali, vya mashirika ya dini na vya binafsi, vinavyotoa wauguzi wa cheti, stashahada na shahada kila mwaka. Baraza la Uuguzi na Ukunga limewapima na kuwapa leseni. Kinachokosekana ni nafasi ya kazi.

Mimi nilihitimu mwaka 1984, na barua ya kupangiwa kituo niliipokea chuoni kabla sijavua sare ya uanafunzi. Leo katika kata yetu nawajua kwa sura mabinti na vijana wenye stashahada ya uuguzi na ukunga wanaouza genge, wanaokaa kwenye vibanda vya wakala wa fedha za simu, na mmoja anayeendesha bodaboda. Anawapitisha wajawazito mbele ya zahanati kuwapeleka kituo cha afya cha mbali, na yeye mwenyewe ni mkunga mwenye leseni. Wazazi wao waliuza korosho na ufuta wa misimu kadhaa kulipa ada. Wengine waliweka shamba rehani.

Na ukunga ni kazi ya mikono. Mkono uliokaa miaka minne au mitano bila kupima njia ya uzazi, bila kushika mtoto aliyezaliwa hajalia, unasahau. Leseni nayo inataka kuhuishwa, na kuhuisha kunataka ada pamoja na alama za mafunzo endelevu, ambazo asiye kazini anazipata kwa shida. Kila mwaka tunaowaacha nyumbani tunapoteza ujuzi ambao Taifa limekwisha kuulipia.

3. Muuguzi mmoja hawezi kuwa zamu zote.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu takwimu hazionyeshi jambo hili.

Muuguzi wetu anafungua asubuhi kwa kliniki ya wajawazito. Anapima presha, anapima wingi wa damu, anasikiliza mapigo ya mtoto, anajaza kadi. Watoto wa chanjo wamekaa kwenye benchi la nje wakilia. Kuna wa uzazi wa mpango, kuna aliyejikata panga shambani anayetaka kushonwa, kuna dirisha la dawa lisilo na mtu. Mchana anakaa na vitabu vya MTUHA, vya taarifa za huduma za afya, maana kisipojazwa kitabu inaonekana kazi haikufanyika, na ripoti ya mwezi ikichelewa simu zinapigwa kutoka wilayani. Chanjo zikiisha, yeye ndiye anayezifuata. Ikiitishwa semina, yeye ndiye anayekwenda. Jioni anarudi nyumbani kwake akiwa na simu mkononi kwa sababu wakunga wengine wa zamu ya usiku hawapo. Zamu ya usiku ni yeye.

Usiku mmoja wa masika waliletwa akina mama wawili. Wa kwanza alijifungua salama, kisha akaanza kutoka damu nyingi. Mwenye kujua ukunga anajua kinachofuata: unamwita mwenzako, mmoja anakanda mji wa mimba, mwingine anachoma oksitosini ya kuzuia damu, anatafuta mshipa, anaweka dripu, anatoa mkojo, anapiga 115 kuomba gari la m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito na wazazi. Kazi hizo zinakwenda kwa pamoja, ndani ya dakika chache, na mikono miwili haitoshi. Wakati huo huo, kitanda cha pili, kichwa cha mtoto kinaonekana. Muuguzi alimtuma mhudumu aje kuniamsha mimi, mstaafu. Nilikwenda nilivyo, na kanga yangu. Akina mama wote wawili wako hai na watoto wao wako hai. Namshukuru Mungu. Lakini mfumo wa afya wa nchi haupaswi kutegemea kwamba bibi mmoja mstaafu anaishi karibu na zahanati na usingizi wake ni mwepesi.

Akisindikiza rufaa, zahanati inabaki bila mkunga. Alipokwenda likizo ya uzazi ya siku 84, ambayo ni haki yake kisheria, shughuli za kuzalisha zilibaki kwa mhudumu wa afya, mtu mwema na mchapakazi, asiyesomea ukunga. Hatukuletewa wa kumshikia nafasi.

Najua pia malalamiko ya wananchi kuhusu lugha za wauguzi. Nimeyasikia kwenye mikutano, na sitamtetea muuguzi anayemtukana mama aliye kwenye uchungu. Nasema tu kwamba viongozi wanapopanda jukwaani kuwakaripia wauguzi mbele ya wananchi, wangeanza kwa kuuliza huyu anayekaripiwa mara ya mwisho alilala usiku mzima lini.

4. Wanaojitolea wanatumika kama ajira ya bure.

Zahanati na vituo vingi vinasimama kwa sababu ya wahitimu wanaojitolea. Sisi sasa tunaye mmoja, binti wa hapa hapa kijijini, mwenye leseni. Kamati inampa posho ndogo ya sabuni na nauli pale makusanyo yanaporuhusu. Anafanya kazi ileile ya muuguzi aliyeajiriwa, anashika damu ileile, na akichomwa na sindano ya mgonjwa hana bima wala mwajiri. Likitokea kosa, nani anawajibika? Hana mkataba. Na ajira zinapotangazwa anakwenda kwenye usaili sawa na mtu ambaye hajagusa mgonjwa tangu ahitimu, na miezi yake ya kujitolea haijamsogeza mbele kwa namna ambayo sisi tumeweza kuiona. Huo si uungwana.

5. Wanaoletwa hawakai, na sababu zinajulikana.

Kabla ya huyu tuliyenaye tuliletewa wengine. Mmoja aliripoti, akaona hakuna nyumba ya mtumishi, akapanga chumba cha kukodi kisicho na umeme, akasubiri mshahara wa kwanza miezi kadhaa akila kwa mkopo wa dukani, halafu akaomba uhamisho kumfuata mwenza. Akaruhusiwa, na nafasi yake ikabaki tupu. Sikumlaumu. Kijana wa miaka 25 aliyeletwa mbali na kwao bila posho ya kujikimu kulipwa kwa wakati, bila nyumba, bila kujua atapandishwa daraja lini, ataondoka. Wangeondoka hata watoto wenu, Waheshimiwa.

Ninacholaumu ni uhamisho usio na mbadala. Mtumishi anatolewa kijijini kwa barua ya siku moja, wa kumrithi hajulikani. Na mjini, katika wilaya hiyo hiyo, utawakuta wauguzi wamejaa kwenye kituo kimoja hadi viti vya ofisi havitoshi.

6. Ajira za wafadhili zimekatika.

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, watumishi wengi wa mikataba waliokuwa kwenye CTC, yaani kliniki za matunzo na tiba kwa wenye VVU, walirudishwa nyumbani. Kazi yao haikuondoka nao. Iliangukia kwa wauguzi wa Serikali, walewale wachache. Dawa za kufubaza VVU zinatakiwa kutolewa, ushauri unatakiwa kutolewa, watoto waliozaliwa na akina mama wenye maambukizi wanatakiwa kufuatiliwa.

Waheshimiwa, majibu mtakayotupa tunayajua, kwa sababu tumekwisha kuyapokea kwa wasaidizi wenu. Naomba niyajibu hapa.

Mtasema mishahara imeshabeba sehemu kubwa ya bajeti. Tunaelewa kwamba fedha haitoshi mambo yote. Lakini mwaka 2001 huko Abuja nchi za Afrika, yetu ikiwemo, zilijiwekea lengo la kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na hilo lilikuwa neno letu wenyewe. Pia, fedha iliyojenga wodi isiyo na muuguzi imekwisha kutumika na haizai kitu. Kama hazitoshi vyote viwili, jengeni vituo vitatu badala ya vinne na fedha za cha nne zilipe mishahara ya vile vitatu. Wananchi tutaelewa, mkituambia ukweli.

Mtasema halmashauri na vituo viajiri kwa mikataba kwa kutumia mapato ya ndani. Kwa hospitali ya mjini, sawa. Kwa zahanati, wateja wetu wakubwa ni wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee, ambao kwa sera ya Serikali yenyewe hutibiwa bure, na ni sera ya haki. Kaya iliyojiunga na CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ilikuwa ikilipa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa watu sita. Mshahara wa muuguzi tutautoa wapi?

Mtasema wahudumu wa afya ngazi ya jamii watapunguza mzigo. Mpango uliozinduliwa Januari 2024 umelenga kuwafikia 137,294, na tunaupokea kwa mikono miwili. Hao watapita nyumba kwa nyumba, watawatambua wajawazito mapema, watawahimiza waje kliniki. Maana yake watatuletea akina mama wengi zaidi. Hawatawazalisha.

Mtasema vijana wanakimbilia nje ya nchi. Shirika la Afya Duniani limeiweka Tanzania kwenye orodha yake ya mwaka 2023 ya nchi 55 zenye uhaba mkubwa wa watumishi wa afya, ambazo wauguzi wake hawapaswi kuwindwa na mataifa mengine bila makubaliano. Orodha hiyo inatulinda dhidi ya wanaowinda. Haimlishi kijana aliyekaa nyumbani na leseni yake, na akiondoka huyo sitamwita msaliti.

Na mtasema ajira zimetangazwa. Ni kweli. Katika kampeni za mwaka 2025 Mheshimiwa Rais aliahidi ajira mpya 5,000 za afya ndani ya siku 100 za kwanza, wakiwemo wauguzi na wakunga. Ahadi hiyo tuliipigia makofi na bado tunaishikilia. Lakini nchi ina vijiji zaidi ya 12,000. Hata hao 5,000 wangekuwa wauguzi watupu, wakapelekwa vijijini wote, mmoja mmoja, zaidi ya nusu ya vijiji visingepata hata mmoja. Kwa hiyo wapi wanapelekwa ni swali kubwa sawa na wangapi wameajiriwa.

Sasa tunaomba yafuatayo.

(a) Kuanzia bajeti ijayo, mradi wowote wa kujenga au kupanua zahanati, kituo cha afya au hospitali uidhinishwe pamoja na kibali cha ajira za watumishi wake, na usihesabiwe kuwa umekamilika hadi watumishi hao wawe wameripoti. Hili ndilo ombi letu kubwa. Mkilikubali hili moja na kuyakataa mengine, bado tutakuwa tumepiga hatua.

(b) Mgao wa ajira mpya za afya utangazwe kituo kwa kituo, ubandikwe kwenye mbao za matangazo za kata na vijiji, ili kila mwananchi ajue zahanati yake imepewa nani na kama ameripoti.

(c) Zahanati yoyote yenye mkunga mmoja au isiyo na mkunga kabisa iwe ya kwanza kwenye mgao, kabla ya kituo chochote cha mjini. Wakati ajira mpya zinasubiriwa, Wakurugenzi wa halmashauri waagizwe kusawazisha wauguzi walionao ndani ya wilaya zao. Hili halihitaji kibali cha Hazina.

(d) Uhamisho wa muuguzi kutoka zahanati ya kijijini usitekelezwe kabla ya mbadala wake kuripoti. Likizo ya uzazi iwe na mtu wa kushika nafasi.

(e) Wanaojitolea wapewe mkataba wa muda, posho inayojulikana, kinga ya ajali kazini, na muda wao uhesabiwe waziwazi kwenye usaili.

(f) Mtumishi mpya aingizwe kwenye malipo mwezi anaoripoti, alipwe posho yake ya kujikimu, na ujenzi wa nyumba za watumishi uende sambamba na ujenzi wa zahanati. Kijiji chetu kiko tayari kutoa kiwanja na nguvu kazi ya nyumba hiyo. Mkutano mkuu wa kijiji umekwisha kupitisha, muhtasari upo.

Barua hii haina chama wala mgombea. Haimshitaki Mganga Mkuu wa Wilaya wala Mkurugenzi, ambao nao wanagawa kidogo walichopewa. Tumeielekeza kwenu kwa sababu ninyi watatu mkikaa meza moja na mwenzenu wa Fedha, sahihi zote zinazohitajika ziko hapo.

Tunaomba majibu ya maandishi kupitia Ofisi ya Mtendaji wa Kijiji, yakieleza kwa kila ombi, kuanzia (a) hadi (f), kama limekubaliwa, limekataliwa, au litatekelezwa lini na ofisi ipi. Yatasomwa kwa sauti kwenye mkutano mkuu wa kijiji wa robo mwaka inayofuata, na yasipofika, ajenda hiyo itasomwa vilevile na kuandikwa kwenye muhtasari kwamba hayajafika.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Muuguzi Mkunga Mstaafu,
Mwenyekiti, Kamati ya Usimamizi wa Zahanati ya Kijiji,
Kusini mwa Tanzania.

Nakala:
Mheshimiwa Waziri wa Fedha;
Mwenyekiti, Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Afya na Masuala ya UKIMWI;
Msajili, Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania;
Rais, Chama cha Wauguzi Tanzania (TANNA).